Mshenga wa Maskati

Leo mazungumzo yetu ni ya urani, vikwazo na mabomu, lakini nivumilieni kidogo, maana nitaanzia mbali kabisa na hayo. Nitaanzia Ngamiani, Tanga, kwenye posa.

Nilikuwa na babu yangu mmoja, mdogo wake babu mzaa baba, ambaye mtaa mzima ulimjua kwa ushenga. Hakuwa na ofisi wala hakulipwa. Kijana akitaka kuoa, wazee wake humjia baada ya swala ya alasiri, wakamnong'oneza, naye akavaa kanzu yake ya kutokea, akashika bakora, akavuka barabara kwenda kwa wazee wa binti. Siku moja nilifuatana naye. Upande wa mume walikuwa wametajiwa mahari, wakaona wanakomolewa. Baba wa kijana, mishipa ya shingo imemsimama, akamwambia babu mbele yangu: "Nenda kawaambie sisi hatukuja mnadani kununua ng'ombe!" Babu akajibu, "Nimesikia," tukatoka.

Basi nikadhani tunakwenda moja kwa moja. Wapi! Babu alikaa kwenye benchi la muuza kahawa, akanywa vikombe vitatu, akatafuna kashata, akaulizia bei ya nazi. Nikamwambia, babu, wanatusubiri. Akanitazama, akasema, "Nikifika sasa hivi nitafika na hasira yao. Wacha ipoe njiani." Tulipobisha hodi nyumba ya pili, aliyoyasema ni haya: "Wenzenu wamepokea, wanashukuru, ila wanaomba muda wa kujipanga." Ng'ombe hakutajwa. Lakini habari ilifika, na wale wazee waliielewa barabara: bei ni kubwa, tushuke. Neno lilivuka barabara limevalishwa kanzu, na mwili ulikuwa uleule.

Kila ninaposikia Maskati, mji mkuu wa Oman, ikitajwa kwenye taarifa ya habari, namkumbuka babu na vikombe vyake vitatu. Maana kwa zaidi ya miaka 10, Marekani na Iran, mahasimu wasiokuwa na ubalozi kwa mwenzake tangu mwaka 1980, wamekuwa wakitumia mshenga, na mshenga huyo ni Oman.

Kwanza tujue ugomvi wenyewe. Kila mmoja kati ya hawa wawili ana daftari lake la madeni. Muirani akilifungua la kwake, ukurasa wa kwanza ni mwaka 1953, pale majasusi wa Marekani na Uingereza waliposaidia kumpindua Waziri Mkuu Mohammad Mossadegh, aliyetaifisha mafuta. Ukurasa mwingine ni Julai 1988, manowari ya Kimarekani ilipoitungua ndege ya abiria ya Iran juu ya Ghuba, wakafa watu wote 290. Mmarekani naye analo lake: Novemba 1979 wanafunzi wa mapinduzi waliuvamia ubalozi wa Marekani mjini Tehran, na Wamarekani 52 wakashikiliwa siku 444. Wakati ule, kwa taarifa yenu, mshenga alikuwa Mwafrika. Algeria ndiyo iliyokwenda na kurudi kati ya pande mbili hadi mateka wakaachiwa Januari 1981. Kwa hiyo desturi ya hawa wawili kusema kupitia mdomo wa mtu wa tatu ni ya siku nyingi.

Na kinu cha kwanza cha nyuklia cha Iran, kile cha utafiti kilichopo Tehran, kilitoka wapi? Kilitoka Marekani, mwaka 1967, enzi za Shah, mfalme wa Iran, wakati wawili hawa walikuwa marafiki wa chanda na pete. Iran ikajiunga na mkataba wa kuzuia kuenea kwa silaha za nyuklia, ule ulioanza kazi mwaka 1970. Mkataba ule unasema: asiye na bomu asilitafute, lakini ana haki ya kutumia nyuklia kwa amani. Yakaja mapinduzi ya 1979, urafiki ukafa, elimu ikabaki. Mwaka 2002 dunia ikagutuka kusikia kwamba Iran inajenga mtambo wa kurutubisha urani huko Natanz, bila kuwa imetangaza. Hapo ndipo shaka ilipoota mizizi.

Hebu tusimame hapo kwenye neno kurutubisha, maana linasemwa kila siku redioni na sidhani kama sote tunalielewa. Sisi Waswahili tumelitoa shambani, kwenye rutuba na mbolea, lakini huku hakuna kinachoongezwa. Huku watu wanapepeta. Chukua punje 1,000 za urani kama ilivyochimbwa ardhini. Kati ya hizo, punje 7 tu ndizo zinazofaa kuwasha moto wa nyuklia, ile urani nyepesi inayoitwa 235. Zilizobaki 993 ni nzito kidogo, na kwa kazi hii ni kama makapi. Kwa hiyo urani hugeuzwa gesi, ikatiwa kwenye mitungi inayozunguka kwa kasi ya ajabu, ambayo ndugu zetu watangazaji huiita mashinepewa. Nzito inasukumwa pembeni, nyepesi inasalia kati, inavutwa na kutiwa mtungi mwingine, na mwingine, maelfu ya mitungi.

Sasa fanyeni hesabu nami, kwa mfano tu. Ukipepeta mpaka punje zako 7 zikabaki pamoja na makapi hata zisizidi 190 kwa jumla, umefika karibu asilimia 4, na hiyo inatosha kuendesha kinu cha umeme. Umekwisha kutupa punje 800 na ushei. Ukiendelea mpaka zibaki 35, hiyo ni asilimia 20. Zikibaki 12, ni asilimia 60. Zikibaki 8, umefika asilimia 90, na hapo ndipo penye bomu. Mnaona mambo yalivyo? Kutoka 1,000 kushuka 35 ni kazi ya kutwa. Kutoka 35 kushuka 8 ni kupitisha ungo mara mbili tatu. Ndiyo maana wakubwa wanagombania asilimia kama watu wanavyogombania inchi za kiwanja. Aliyefika 20 amekwisha maliza sehemu kubwa ya safari, na aliyefika 60 yuko mlangoni.

Haya, kwa nini Oman? Ramani inaanza kulijibu swali hili. Rasi ya Musandam ya Oman inatazamana na Iran kwenye Mlango wa Hormuz, maji ambayo pembamba pake hapafiki kilomita 40, na kwa miaka mingi karibu moja ya tano ya mafuta yanayotumika duniani imepita hapo. Jirani wa namna hiyo huwezi kumnunia. Dini nayo imo: Waomani wengi ni Maibadhi, kwa hiyo ugomvi wa Suni na Shia hauwagusi kama unavyowagusa majirani. Na pana deni la zamani. Sultani Qaboos bin Said alipotwaa madaraka mwaka 1970, alikuta vita vya uasi Dhofar, na miongoni mwa waliomtumia askari wa kumsaidia alikuwa Shah wa Iran. Shah akaanguka, lakini Qaboos hakuvunja uhusiano na waliomwangusha. Kwake Iran ilikuwa Iran, awe anatawala mfalme au ayatollah.

Na sisi wa pwani hii tuna la kuongeza. Utawala wa Albusaidi tunaujua, maana Seyyid Said alihamishia makao yake Unguja. Alipofariki mwaka 1856, wanawe wakagombea urithi: Majid akiwa Unguja, Thuwaini akiwa Maskati. Nusura wapigane. Shauri likapelekwa kwa Lord Canning, mtawala wa Kiingereza wa India, naye mwaka 1861 akaamua kila mmoja abaki na lake, ila Unguja, iliyokuwa tajiri, iilipe Maskati riale 40,000 kila mwaka. Hata malipo hayo baadaye yalizua ugomvi. Kwa hiyo Waomani wanajua kwa damu yao maana ya ndugu wawili kukatiwa shauri na mtu wa kati. Na ukitembea Maskati leo, utamkuta mzee ameketi anaongea Kiswahili cha Unguja kilichonyooka kuliko cha kwangu.

Lakini ushenga hauanzi na mambo makubwa. Mshenga hujaribiwa kwa dogo kwanza. Mwaka 2009 vijana watatu wa Kimarekani waliokuwa wakipanda milima upande wa Iraq walikamatwa na askari wa Iran mpakani, wakatiwa gerezani Tehran. Oman ikaingia kati. Msichana aliachiwa mwaka 2010, wanaume wawili mwaka 2011, na wote wakapitia Maskati kwenda kwao. Washington ikaona: kumbe huyu akisema jambo litakuwa, linakuwa. Tehran nayo ikaona vivyo hivyo.

Ndipo Julai 2012 maofisa wawili wa Marekani, Jake Sullivan na Puneet Talwar, walipokwenda Maskati kimyakimya kuonana na Wairani. Machi 2013 akaenda mkubwa zaidi, Naibu Waziri wa Mambo ya Nje William Burns, kwa ndege ya serikali isiyokuwa na maandishi ubavuni. Upande wa pili alikuwapo Ali Asghar Khaji, naibu waziri wa Iran. Walikutana kwenye klabu ya maofisa wa jeshi, ufukweni, mbali na macho ya watu. Na angalieni tarehe. Wakati huo Rais wa Iran alikuwa bado Mahmoud Ahmadinejad, yule wa maneno makali. Hassan Rouhani, ambaye watu wengi wanamhesabu kuwa ndiye aliyefungua mlango, alikuwa hata hajachaguliwa. Aliyekuwa akiisukuma njia hii ya Oman kutoka ndani ya Iran ni waziri wa mambo ya nje wa wakati huo, Ali Akbar Salehi, kwa idhini ya Kiongozi Mkuu Ali Khamenei. Jina la Salehi liwekeni, tutalirudia.

Rouhani alipoingia Agosti 2013, mambo yakapata kasi. Timu ya Iran ikaongezewa watu, mmoja wao akiitwa Abbas Araghchi. Hilo nalo liwekeni. Septemba mwaka huo Rais Obama na Rais Rouhani walizungumza kwa simu kama robo saa, mara ya kwanza kwa marais wa nchi hizo tangu 1979. Na alfajiri ya Novemba 24, 2013, huko Geneva, Iran na mataifa sita, yaani Marekani, Uingereza, Ufaransa, Urusi, China na Ujerumani, wakatangaza makubaliano ya muda. Iran itasitisha kurutubisha zaidi ya asilimia 5, nayo itaachiwa dola bilioni 4.2 za fedha zake zilizozuiliwa nje, pamoja na nafuu nyingine. Wafaransa na wengine waliokuwa mezani walikuja kugundua kwamba sehemu kubwa ya maandishi ilikwisha kupikwa jikoni kwa mshenga. Walinuna kidogo, kama shangazi aliyepata habari za posa baada ya mahari kulipwa.

Sasa nataka muone kazi ya kanzu niliyoisema. Iran ilishikilia neno moja: haki. Ilitaka iandikwe kwamba ina haki ya kurutubisha urani. Marekani ikasema neno hilo haliandikwi, hata mbingu ishuke. Watu wangeweza kuvunja kikao hapo, na vikao vingi kabla yake vilivunjikia papo hapo. Kilichofanyika ni kuandika kwamba makubaliano ya mwisho yatahusu mpango wa urutubishaji ambao mipaka yake itaafikiwa na pande zote. Haki haikutajwa. Lakini huwezi kuafikiana juu ya mipaka ya kitu ambacho hakitakuwapo, sivyo? John Kerry, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, akatoka akawaambia watu wake: hatujakubali haki yoyote. Wairani wakatoka wakawaambia wa kwao: dunia imekubali urutubishaji wetu. Karatasi moja, na kila mmoja akarudi kwao kichwa juu. Wapo watakaosema huo ni ujanja. Mimi nasema mtu akitoka kikaoni amevuliwa nguo, hata akitia saini, saini yake haina maisha.

Kutoka hapo mpaka makubaliano kamili ilikuwa miezi karibu 20. Kikao cha mwisho kilikuwa Vienna, kwenye hoteli ya Palais Coburg, Juni na Julai 2015, jua la kiangazi likiwaka na Ramadhani imeingia. Waandishi wa habari walikuwa chini barabarani wakipaza sauti kumwuliza maswali Javad Zarif, waziri mpya wa mambo ya nje wa Iran, kila alipotokeza roshani. Kerry alikuja kwa magongo, maana Mei 31 alianguka baiskeli upande wa Ufaransa karibu na Geneva akavunjika mfupa wa paja. Tarehe ya mwisho iliyowekwa, Juni 30, ilipita. Wakaongeza siku, zikapita nazo, wakaongeza tena.

Kwenye chumba kimoja walikuwapo wanasayansi wawili. Wa Marekani ni Ernest Moniz, Waziri wa Nishati. Wa Iran ni Salehi yuleyule, sasa mkuu wa shirika la atomiki la nchi yake. Salehi alichukua shahada yake ya udaktari mwaka 1977 kwenye chuo cha MIT, Marekani, na Moniz alikuwa mwalimu hapohapo miaka hiyohiyo, ila hawakuwahi kujuana. Wakati wa mazungumzo hayo Salehi alipata mjukuu. Moniz akamletea zawadi za mtoto zenye nembo ya chuo chao. Najua kuna watakaocheka, ati bomu la atomiki na nguo za kitoto wapi na wapi. Lakini hesabu za mashinepewa zilizokuwa zimekwama kwa wanasiasa, hao wawili walikaa wakazimaliza, kwa sababu kila mmoja alijua mwenzake anaijua kazi.

Julai 14, 2015, katika kumi la mwisho la Ramadhani, makubaliano yakatangazwa, kurasa 159 pamoja na viambatisho. Mashinepewa zilizowekwa, ambazo zilikuwa karibu 19,000, zishuke mpaka 6,104. Urutubishaji usizidi asilimia 3.67 kwa miaka 15. Akiba isizidi kilo 300. Mtambo wa Fordow, uliochimbwa chini ya mlima, usirutubishe urani kwa miaka 15. Kinu cha Arak moyo wake ung'olewe na ujazwe zege. Wakaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki waingie. Nao vikwazo vya uchumi ilivyowekewa Iran viondoke. Na yakatekelezwa: Desemba 2015 meli iliondoka Iran na tani zaidi ya 11 za urani iliyorutubishwa, ikielekea Urusi, na Januari 16, 2016 vikwazo vikaanza kufunguliwa.

Mpaka hapo, wasikilizaji, ndoa imefungwa. Tende zimeliwa, ubani umefukizwa. Mshenga amekwenda kulala.

Tatizo ni nyumbani. Waliokaa Vienna hawakuwa peke yao wenye nyumba. Israel na Saudi Arabia hazikuwa mezani, ingawa ni za eneo hilohilo. Machi 2015 Waziri Mkuu wa Israel, Benjamin Netanyahu, alisimama ndani ya Bunge la Marekani akayapinga mazungumzo ya Rais wa Marekani mwenyewe. Mwezi huohuo maseneta 47 wa chama cha Republican wakawaandikia viongozi wa Iran barua ya wazi, wakiwaambia kwamba rais ajaye anaweza kuyafuta makubaliano haya. Sijui kama babu yangu aliwahi kuona posa ambayo wajomba wa bwana harusi wanamwandikia bibi harusi kumwonya asikubali. Huko Iran nako walikuwapo walioona Zarif ameuza nchi. Na makubaliano yenyewe hayakupitishwa na Seneti kama mkataba. Uhai wake ulitegemea mtu aliyekaa Ikulu ya Washington.

Mei 8, 2018 mtu huyo alikuwa Donald Trump, naye akaiondoa Marekani. Hoja zake tuziseme kwa haki: masharti yana tarehe za kwisha, makombora ya Iran hayamo, wala vikundi inavyovisaidia nje ya mipaka yake. Hizo si hoja za kubeza. Lakini wakaguzi wa shirika la atomiki walikuwa wakiripoti mara kwa mara kwamba Iran inatimiza iliyoahidi kwenye makubaliano hayo, na wazee walisema ahadi ni deni. Iran ilisubiri mwaka mzima, ikitumaini Ulaya itaifidia. Haikuona kitu, na kuanzia 2019 ikaanza kuvuka mipaka hatua kwa hatua. Aprili 2021 ikafika asilimia 60. Kufikia Juni 2025, kwa makisio ya shirika hilohilo, ilikuwa na kilo 440.9 za kiwango hicho. Rudini kwenye punje zetu: kumi na mbili mkononi, saba ndani yake.

Na sasa tazameni maajabu. Mwaka 2025 Trump yuleyule aliyeivunja ndoa aliandika barua kwa Khamenei kutaka mazungumzo. Barua ilipelekwa na mjumbe wa Falme za Kiarabu. Majibu ya Iran yalirudi kupitia Oman. Watu wakagombana hata juu ya namna ya kukutana. Trump akasema mazungumzo ni ya ana kwa ana. Iran ikasema hapana, ni kwa kupitia mtu wa kati. Aprili 12 wakafika Maskati. Wa Marekani ni Steve Witkoff, mjumbe wa Trump. Wa Iran ni waziri wa mambo ya nje, Abbas Araghchi, yule niliyesema jina lake mliweke, aliyekaa kwenye vikao vya siri vya 2013. Wakawekwa vyumba tofauti, na Waziri wa Mambo ya Nje wa Oman, Badr bin Hamad Al Busaidi, akawa anabeba maneno kutoka chumba hiki kwenda kile. Mwishoni, wakati wa kutoka, Witkoff na Araghchi wakasimama wakazungumza dakika chache mbele yake. Basi Iran ikasema tulitumia mtu wa kati, na Marekani ikasema tuliongea ana kwa ana. Wote wawili wamesema kweli. Mnaiona ile kanzu?

Wakakutana mara tano, Maskati na Roma. Na gogo lililokuwa njiani ni lilelile la 2013: urutubishaji. Marekani ilitaka usiwepo kabisa, sifuri. Iran ikasema hilo haliguswi. Kikao cha sita kilipangwa Maskati, Jumapili ya Juni 15. Ijumaa ya Juni 13, Israel ikaishambulia Iran. Kesho yake waziri wa Oman akatangaza kwamba kikao hakitakuwapo. Juni 22 ndege za Marekani zikadondosha mabomu Fordow, Natanz na Isfahan. Vita vikasimama Juni 24, baada ya siku 12. Na mwishoni mwa Septemba, kwa madai ya Uingereza, Ufaransa na Ujerumani, vikwazo vya Umoja wa Mataifa vilivyofutwa kwa makubaliano ya Vienna vikarudishwa.

Wazee husema mjumbe hauawi. Kweli, mjumbe hakuguswa. Kilichouawa ni kikao chake.

Wengine wataniuliza, ya wakubwa hayo yanatuhusu nini? Siku zile za Juni dereva wa bodaboda niliyempanda aliniuliza, hata kabla sijataja ninakokwenda, "Mzee, Hormuz wataifunga?" Hakuwa amesoma siasa ya mataifa. Alikuwa anaihesabu Jumatano ya kwanza ya mwezi, siku EWURA, mdhibiti wa nishati wa Tanzania, inapotangaza bei kikomo za mafuta. Aliyafahamu mambo yale vizuri kuliko wachambuzi wengi: kikao kikivunjika mbali, yeye ndiye anayelipa kwenye pampu.

Nimesikia watu wakisema Oman imeshindwa, ushenga wake haukufaa kitu. Mimi sikubali. Mwaka 2013 na 2015 njia ile ilizaa kitu kilichopimika kwa kilo na kwa hesabu ya mitungi. Yale hayakuharibikia Maskati wala Vienna. Yaliharibikia majumbani mwa waliotia saini, kwa sababu hawakuwatuliza wa kwao, na kwa sababu majirani waliachwa nje ya uzio wakichungulia. Atakayerudi kwenye kazi hii, na lazima atarudi mtu, asitafute mshenga bora zaidi. Akatafute namna ya kuyafanya maneno yaliyokubaliwa yaishi zaidi ya rais mmoja.

Nimalizie kwa babu. Ile posa ilifaulu, harusi ikafanyika, nami nikala pilau. Baada ya miaka mitatu ndoa ikavunjika, vibaya. Wakaja wazee wa pande zote kumlaumu: wewe ndiye uliyetuunganisha na watu hawa. Babu akawasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mimi mlinipa barabara nivuke, nikaivuka. Kulala nyumba moja ilikuwa kazi yao." Wakaondoka wamefura.

Ilipita kama miezi miwili. Jioni moja akaja mtoto mbio: kuna mgonjwa, mjukuu wa pande zote mbili, na familia zile hazisemezani, anatakiwa mtu wa kwenda kuzungumza. Babu hakusema kitu. Aliingia ndani akatoka na ile kanzu ya kutokea, akatafuta bakora yake, kisha akaniuliza mimi niliyekuwa kizingitini, "Muuza kahawa yupo?"